Fainali Uliyoniachia

Fagamalie, Tutuila
Tarehe tano Novemba

Kwako mdogo wangu mpenzi Uelese,

Pokea salamu za nyumbani, za watu na za mbwa wako pia, ambaye tangu uondoke analala mlangoni kwako na kunibwekea kila nikipita, kana kwamba mimi ndiye niliyekufukuza. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanayonung'unika mvua ikija, na mvua ya huku unaijua, ikija haiagi. Wanao wa timu wazima. Mchungaji mzima. Hofu yetu yote iko kwako na kwa hicho kifua chako kilichofunguliwa na kushonwa. Wifi yangu Fetu ametupigia simu akasema sasa unatembea mpaka mwisho wa ukumbi wa hospitali hapo Honolulu na kurudi bila kushikwa mkono, na kwamba umeanza kulalamikia chakula. Niliposikia hilo la chakula nililia kwa furaha. Mgonjwa akianza kukilaani chakula cha hospitali, nusu ya safari ya kupona ameimaliza.

Barua hii anakuletea binamu yetu Filemu, anayepanda ndege Alhamisi. Nimemwagiza asikupe mpaka daktari wako atamke kwa kinywa chake kwamba moyo wako sasa unaweza kustahimili kicheko na hasira, vyote viwili kwa siku moja. Kama unaisoma, basi daktari ametamka. Hata hivyo keti, na ukishaketi, egemea mto.

Mara ngapi umeniomba kwa simu nikusimulie fainali mwanzo mpaka mwisho, na kila mara nikakujibu kwamba mtandao ni mbaya? Mtandao haukuwa mbaya. Nilitaka kukuandikia, kwa sababu kwenye simu wewe humwachi mtu amalize sentensi, na habari hii inataka kusikilizwa mpaka mwisho.

Nianzie pale uwanja wa ndege, siku ile ya Septemba. Unakumbuka ulivyokuwa umekaa kwenye kiti cha magurudumu, miguu imevimba kama magimbi, na bado ukiwapigia watoto kelele wasimame kwa mstari. Mchungaji alipomaliza kuomba, ukamwambia mbele ya watu wote kwamba wanao wakileta kombe, utakubali kupasuliwa. Wasipolileta, utapanda ndege ya kwanza urudi na moyo wako ulivyo, maana Mungu atakuwa amesema. Mchungaji akakuambia, "Uelese, Mungu hachezi mpira." Ukamjibu, "Basi hujamwona Tanielu akikimbia." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Daktari wa huku alikuwa ametuambia mimi na Fetu kwamba bila vali mpya ya moyo hutaiona Pasaka.

Nilijua ulichokuwa unafanya. Ulikuwa unaogopa kisu, ukamsingizia Mungu. Ulianza kwa kuficha ule uchovu mwaka mzima, ukasema ni uzee, nawe hata hamsini hujafika, mpaka siku ulipoanguka mazoezini. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe ukiambiwa methali unasema ni za wanawake. Tena ukachagua sharti lisilowezekana. Mara tatu umefika fainali na mara tatu kocha Lafoga na watoto wake wa kijiji cha Aluvai wamekupiga. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na hasira na wewe mpaka nikashindwa kula.

Halafu ukaniachia mimi filimbi! Msaidizi wako alikuwa ameenda Alaska kwenye samaki, sawa, lakini wanaume wa kijiji wamekwisha? Ukasema watoto wanamwogopa Siniva kuliko wanavyokuogopa wewe, na kwamba hiyo ni nusu ya kazi. Mimi ambaye miaka yote nimekuwa nikifua jezi zenu na kukaanga maandazi ya kuuza pembeni mwa uwanja, na mchezo ukikaribia mwisho nafumba macho. Lakini ndugu akiwa anaondoka na hewa ya chupa puani, utamkatalia nini?

Tatizo langu la kwanza lilikuwa zile namba zako. Katika huo mpira wenu wa Kimarekani kila mtindo wa mchezo una namba, na namba zenyewe hazina adabu: ishirini na sita kulia, thelathini na nne kushoto. Siku ya kwanza mazoezini niliita mia na kumi, na Iopu, yule mdogo wa mwisho ambaye jezi inamfika magotini, akaanza kuimba. Alidhani nimetaja wimbo wa kanisani. Wenzake wakaitikia sauti ya pili na ya tatu. Nilisimama pale na filimbi mdomoni, watoto ishirini na wawili wenye helmeti wakiniimbia kwa utamu kabisa, nikajua nitafia uwanjani kabla yako.

Ndipo nikafanya jambo nililoliona la busara. Watoto hawa ni wangu tangu wakiwa na miaka mitatu. Mimi ndiye ninayewafundisha mistari yao ya Jumapili Nyeupe. Kila hadithi ya Biblia wanaijua mpaka mkia. Basi nikazitupa namba, nikaipa mitindo majina ya hadithi. Yona: mbeba mpira anazama tumboni mwa wale wakubwa wa mbele, anapotea, kisha anatapikwa upande wa pili. Yeriko: wote wanazunguka, wanazunguka, halafu wanaangukia ukuta kwa pamoja. Daudi: mdogo anapita peke yake katikati ya majitu. Na mke wa Lutu: timu nzima inakimbilia kulia, kisha mpira unageuka nyuma kwenda kushoto. Walielewa siku moja. Alesana, mrushaji wetu, alisema, "Shangazi, kumbe mpira ni rahisi hivi?" Tukaingia fainali bila kufungwa hata mchezo mmoja, na kila usiku Fetu aliniambia kwamba ulikuwa unamwuliza daktari maswali mengi zaidi juu ya upasuaji. Nilikuwa nimeanza kutumaini, tena sana.

Sasa kuhusu ile tarehe ya fainali. Kamati ya ligi ilitazama kalenda ikaona Jumatatu ile ni sikukuu, watu hawaendi kazini, ikaiweka fainali hapo na kujipongeza. Hakuna hata mmoja aliyetazama Jumapili yake. Wewe unajua Jumapili Nyeupe ilivyo. Ndiyo siku pekee katika mwaka mzima ambapo watoto ndio wakubwa: wanavaa nyeupe, wanasema mistari yao mbele ya kanisa, kisha wanaketi na kula kwanza, na sisi wazee tunawapakulia na kuwapepea nzi. Na asubuhi inayofuata, wanangu wale wale wanapaswa kupanda mizani.

Jumamosi niliwaita akina mama. Niliwaeleza sheria kana kwamba hawaijui, kwamba mtoto akizidi uzito anabandikwa utepe kwenye helmeti na haruhusiwi kubeba mpira siku hiyo, anabaki mbele kusukumana tu. Nikawakumbusha kwamba Tanielu amejinyima mwezi mzima. Nikawakumbusha habari ya moyo wako. Waliinamisha vichwa, wakaniambia wamesikia. Kisha mama yake Tanielu akasema polepole, "Shangazi, mtoto akae na njaa siku ya watoto? Hata wewe huwezi." Nikamwambia naweza.

Sikuweza. Tanielu alisema mstari mrefu kuliko wote, bila kukosea neno, kwa sauti ile inayoanza kupasuka, na kanisa zima likatoa machozi. Baadaye akaja akaketi kwenye mkeka wangu, mgongo wima, mikono mapajani. Hakuomba kitu. Alilitazama tu lile sinia, nguruwe wa kwenye mawe ya moto, shelisheli lililookwa, majani ya gimbi kwenye tui zito. Nilimpakulia. Nikampakulia tena. Mara ya tatu alisema asante, Shangazi, inatosha, na mimi nikamwambia kula, mwanangu, siku haijirudii. Kwa mkono wangu mwenyewe, Uelese.

Jumatatu asubuhi alipanda mizani pale uwanjani Tafuna akiwa na chupi tu, amefumba macho, amevuta pumzi ndani kana kwamba pumzi ina uzito. Akazidi ratili tatu. Mbebaji wetu bora akabandikwa utepe. Wakafuata wengine wanne. Nilitaka ardhi inimeze, lakini kabla haijafika zamu yangu ya kumezwa wakaingia watoto wa Aluvai, na wao wakazidi mmoja baada ya mwingine, akiwemo yule mkimbiaji wao aliyekunyima usingizi mwaka jana. Utepe ukamwishia yule bwana wa mizani. Nesi ikabidi atoe plasta za vidonda. Lafoga mwenyewe, na tumbo lake lile, akaniita kutoka upande wa pili, "Siniva! Mwaka huu fainali ni ya nguruwe wa jana!" Watu wakaangua kicheko, na nakiri mwenyewe nilicheka pia.

Kwa hiyo ilibaki vita ya wadogo. Wetu alikuwa Iopu, ambaye tumbo lilimsumbua Jumapili nzima, akala biskuti kavu huku wenzake wakisherehekea. Msimu mzima hakuwahi kubeba mpira kwenye mchezo. Nilimwuliza kama anaogopa. Akasema, "Ninaogopa, Shangazi, ila mbio ninazo."

Tulianza vizuri kuliko ninavyoweza kukuandikia. Mvua ilikuwa imeacha matope mazuri. Nikaita Daudi, Tanielu na wenzake wa utepe wakafungua njia pana kama mlango wa kanisa, na Iopu akapita katikati mpaka mwisho, jezi ikimpepea kama gauni. Sita kwa sifuri. Pointi ya nyongeza tukaikosa, lakini nani alijali? Akina mama wa Aluvai walikuwa wameniandalia wimbo wao, "Mwalimu wa Jumapili, leo ni Jumatatu!", wakipiga makopo kwa vijiti, na kwa nusu ya kwanza nzima sikuusikia hata kidogo. Nilikuwa nakuwaza wewe ukisaini ile karatasi ya kupasuliwa.

Mapumziko yalipokwisha, mambo yakageuka. Nikaita Yona, na nikamsikia Lafoga akinguruma kwa watoto wake, "Tumboni! Yuko tumboni bado, msimwache atapikwe!" Wakamzika Iopu pale pale. Nikaita Yeriko, akapiga kelele, "Wataanguka mzunguko wa mwisho, subirini!" Wakasubiri. Uelese, Lafoga ni shemasi. Anafundisha watoto wa Jumapili kule Aluvai kama mimi huku. Kila hadithi niliyowafundisha wangu, yeye amewafundisha wake, na mimi nilikuwa nasimama pembeni mwa uwanja nikizitangaza kwa sauti ya kuhubiri. Sidhani kama kuna watu wengine duniani ambao wangeweza kufanya kosa hilo.

Alesana alinijia akasema kwa upole, macho chini, kwamba labda turudie namba za Kocha. Namba zenyewe sikuzijua hata moja. Nikamkaza mkanda wa helmeti, na yeye, kwa kuwa mtoto aliyelelewa vizuri habishani na shangazi, akarudi uwanjani. Aluvai wakavuka mstari wetu, wakapata na ile pointi moja ya nyongeza. Saba kwa sita, wao mbele.

Dakika za mwisho watoto wako walicheza mchezo ambao sitausahau. Tanielu, ambaye moyo wake wote ulikuwa kubeba mpira, alisukuma mbele kama ng'ombe wa kulima, akianguka anaamka, na kila alipoamka alimnyanyua Iopu kwa mgongo wa jezi na kumsimamisha. Wakasogea kidogo kidogo mpaka yadi tano kutoka mstarini. Muda ulibaki wa jaribio moja. Nikawaza Lafoga amesoma kila mtindo isipokuwa mmoja, ambao sikuwa nimeutumia siku ile. Nikapiga kelele, "Mke wa Lutu!"

Wote wakaenda kulia. Kisha mpira ukageuka, na Iopu akawa peke yake upande wa kushoto, nyasi mbele yake tupu. Nami safari hii sikufumba macho.

Sasa mdogo wangu, egemea ule mto.

Jioni ile uliponiuliza kwa simu, nilikuambia Iopu alivuka. Hakuvuka. Lafoga alikuwa amekwisha kupiga kelele, "Nyuma! Geukeni nyuma, hiyo ni chumvi!" na watoto watatu wa Aluvai wakageuka wakamwangukia yadi moja kabla ya mstari. Filimbi ikalia. Tulishindwa, saba kwa sita. Hatukuleta kombe. Umepasuliwa kifua kwa ajili ya ushindi ambao haukuwepo.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Watoto walikuwa wamelala matopeni wakilia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kati yao, nikipangusa pua za huyu na yule kwa khanga yangu, nikisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na huku mimi mwenyewe nikiwa sikubali hata chembe. Simu ikalia. Ulikuwa wewe, hata hukumwachia Fetu. Nilifungua mdomo niseme kweli, Mungu ni shahidi yangu. Lakini ulisema "halo", na pumzi ikakukatikia katikati ya neno hilo dogo. Neno la herufi nne hukuweza kulimaliza kwa pumzi moja. Nikasema, "Tumeshinda."

Kilio cha watoto kikakatika. Wote wakanitazama. Kwenye simu ukaanza kulia, ukaniuliza nani alivuka, nikasema Iopu, na Iopu akainua kichwa chake chenye matope akanikodolea macho. Halafu ukataka kuongea na nahodha. Nikampa Tanielu simu kwa hofu, maana huyu jana yake tu alikuwa ametamka neno la Mungu mbele ya kanisa zima. Akaishika, akasema, "Tumeshinda, Kocha. Nenda kapasuliwe." Kisha akaifunika kwa kiganja akaniuliza kwa kunong'ona, "Shangazi, hiyo dhambi ni yangu au ni yako?" Nikamwambia ni yangu. Akasema, "Basi sawa."

Nilipogeuka, Lafoga alikuwa amesimama nyuma yangu, kombe kwapani. Alikuwa amesikia kila neno. Watu wake walikuwa wakishangilia na kupiga makopo, na nikajua wewe kule unasikia kelele hizo na unadhani ni zetu. Mtu ambaye kwa miaka kumi hajapita mbele ya nyumba yako bila kupiga honi, mtu anayekukumbusha fainali zako tatu hata kwenye misiba! Akanipa kombe nilishike. Akachukua simu mkononi mwa Tanielu, akasema kwa sauti ile yake, "Uelese! Usijivune sana, wewe. Refa ni mjomba wa mkeo, na matope yalikuwa upande wetu tu. Mwaka ujao tutaonana!" Nawe ukacheka, mpaka ukakohoa, mpaka Fetu akakunyang'anya simu. Lafoga akanirudishia simu, akajifuta uso kwa taulo. Akaniambia hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kushindwa na mtu ambaye amemshinda. Nilipotaka kumshukuru akanikatiza, akasema wewe na yeye mmecheza pamoja tangu mkiwa na umri wa watoto hawa, na kwamba ukifa wewe hana mtu mwingine wa kumtania.

Ile picha uliyonayo ukutani, ya watoto na kombe, ni kweli ni kombe. Lafoga alituazima kwa kupiga picha tu. Ukiichungulia vizuri utaona kiatu chake pembeni. Alikataa kusogea mbali nalo. Jumatano ukasaini, ukafunguliwa, wakakuwekea vali. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilifika Honolulu na kurudi, na nilishinda siku ile nzima kanisani sakafuni nikiomba isikatike. Jumapili mchungaji alimshukuru Mungu "kwa yote yaliyotokea uwanjani", akaendelea upesi na tangazo lingine. Fetu anajua tangu siku ya kwanza. Usimtazame hivyo, mimi ndiye niliyemwapisha.

Ningeweza kusubiri mpaka urudi. Lakini ulimtumia Iopu vile viatu vya mpira, vyekundu, kutoka Honolulu, zawadi ya mtu aliyeleta kombe. Hajavivaa. Vimo bado ndani ya boksi lake, chini ya kitanda, na amekuja kwangu mara mbili kusema nikuambie kweli, halafu wewe ndiye useme kama bado ni vyake. Mtoto wa miaka kumi na moja anabeba jambo ambalo ni langu. Mwandikie, Uelese, na umwandikie yeye kabla hujaniandikia mimi.

Na kuna wengine wanaosubiri. Jioni ile ile ya fainali, wazee wa Aluvai walikaa baraza, wakapiga marufuku mtu yeyote wa kijiji chao kuweka habari ya ushindi kwenye mtandao mpaka wewe upone, maana wanajua Fetu anashinda na simu hapo kitandani kwako. Faini waliyoweka ni nguruwe mmoja na katoni kumi za samaki wa kopo. Binti mmoja alijisahau akaweka picha. Ilifutwa kabla hujaamka, na baba yake akamfunga nguruwe miguu akampeleka kwa wazee siku ile ile. Unajua washindi hapa hufanya nini: magari yote, maua, honi, kisiwa kizima kutoka mwisho mpaka mwisho. Hawajafanya. Mabingwa wamefunga midomo. Kila Jumamosi Lafoga anakuja hapa nyumbani, anaketi, anakunywa kakao yangu, anauliza kama kidonda kimekauka, kama unapanda ngazi, kama daktari ametaja tarehe. Ameshinda fainali na hawezi kujigamba kwa yule mtu pekee anayetaka ajue. Amekonda, nakuambia. Aluvai nzima inakuombea, baadhi yao kwa upendo, na baadhi yao kwa sababu wamechoka kunyamaza.

Kwa hiyo kula hicho chakula unachokilalamikia, tembea huo ukumbi, urudi. Lafoga amesema siku utakaposhuka ndege magari yatakuwa yamepangwa pale uwanja wa ndege Tafuna, na wewe utakaa kiti cha mbele cha gari lake, kombe mapajani, na atakucheka kisiwa kizima bila kupumzika. Nimemwambia nitakufunga mkanda mwenyewe.

Nisalimie wifi yangu Fetu, umwambie asante kwa kunyamaza kwake. Wasalimie manesi, hasa yule unayesema ana mikono baridi. Wanao wanakubusu, mchungaji anakuombea, mbwa amelala mlangoni. Kama una hasira, nipigie simu unipigie kelele mpaka uchoke. Nataka kuzisikia zote, kwa pumzi moja.

Ni mimi dada yako, niliyeshindwa fainali yako, na ambaye ningesema uongo ule tena kesho asubuhi,

Siniva